Siku Kiti cha Spika Kilipokosa Mwenyewe

Katika miaka yote niliyoandika habari za Bunge mjini Nairobi, tangu Moi yuko madarakani hadi nilipostaafu, Spika tulimjua kabla hajachaguliwa. Kura ilikuwa kukamilisha ada. Mara moja tu niliketi kwenye roshani ya waandishi bila kujua, na bila kumpata hata mmoja aliyejua, ni nani angeondoka ukumbini na joho. Ilikuwa Jumanne, Januari 15, 2008. Vijana wanaoripoti Bunge leo walikuwa shule ya msingi wakati huo, na nikiwasimulia hunitazama kama mtu anayetia chumvi. Basi naandika.

Siku hiyo haieleweki vizuri bila Januari nyingine, ile ya 1993, nilipokuwa mgeni kazini. Uchaguzi wa Desemba 29, 1992 ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi baada ya zaidi ya miaka ishirini ya chama kimoja. Kanu, chama cha Moi, ilipata viti 100 kati ya 188. Waliowapigia kura wapinzani walikuwa wengi kuliko waliompigia Moi, lakini wapinzani walikuwa wamegawanyika: Ford-Kenya viti 31, Ford-Asili 31, DP 23, na vyama vitatu vidogo vikaokota kimoja kimoja. Juu ya hapo Katiba ilimpa Rais nafasi 12 za wabunge wa kuteuliwa. Ukijumlisha, Kanu 112, wengine wote 88.

Kwa hesabu hiyo, kukisia Spika hakukuwa kukisia Bunge. Tulikuwa tukikisia moyo wa mtu mmoja. Wakubwa wetu kazini walikuwa na elimu yao ya dalili: nani ameonekana akitoka Ikulu, nani ameketi safu ya mbele kanisani Jumapili, nani ameacha ghafla kujibu simu. Na redio ilikuwa haizimwi. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ya KBC ndiyo iliyokuwa ikiwapa watu vyeo na kuwavua. Waziri aliweza kuondoka ofisini kwenda kula, akasikia mezani kwamba hana ofisi. Tetesi za namna hiyo zina mipaka yake. Hata ukikisia sawasawa hujagundua lolote kuhusu wabunge, maana wao nao wanasikiliza redio hiyo hiyo.

Aliyepata kiti alikuwa Francis ole Kaparo, aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Moi. Bunge lilifunguliwa Januari 26, 1993. Kesho yake Rais akaliahirisha, wapinzani wakarudi nyumbani na suti zao mpya. Kwa wale waliodhani vyama vingi vimelipa Bunge uhuru wake, hilo lilikuwa somo la kwanza. Kaparo alibaki. Alichaguliwa tena baada ya uchaguzi wa 1997, na Kanu ilipong'olewa mwishoni mwa 2002 Narc ikaingia, naye akabaki vilevile. Mtu aliyekuja na serikali moja akadumu katika inayofuata hupata heshima ya aina yake: watu huanza kuamini kuwa kiti ni chake. Miaka kumi na mitano ni mingi. Kulikuwa na wabunge ambao hawakuwahi kumwita mtu mwingine yeyote "Bwana Spika".

Ndipo ikaja Desemba 2007. Sitarudia yote, kwa kuwa kila Mkenya wa umri fulani ana masimulizi yake. Tulipiga kura tarehe 27. Tarehe 30 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, akamtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na Kibaki akaapishwa Ikulu jioni hiyo hiyo. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Januari mosi kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa na watu wakiwa ndani. Tume ya Jaji Waki ilikuja kuhesabu waliouawa nchi nzima katika wiki zile kuwa 1,133. Kisumu ilikuwa majivu, Naivasha ilikuwa bado haijawaka. Nairobi askari wa GSU waliizingira bustani ya Uhuru, na sisi tulikuwa tukipita kando ya bunduki zao kwenda kazini Bungeni, ambako hakukuwa na kikao.

Katikati ya hayo Rais akaitisha Bunge likutane Januari 15. Jambo la kwanza ambalo Bunge jipya lilifanya enzi hizo, kabla hata ya wabunge kuapa, lilikuwa kumchagua Spika. Kwa hiyo swali lililokuwa la wachache likawa la kila mtu: nani?

Msomaji wa leo aweza kushangaa kwamba watu waliokuwa wakizika wafu wao walijali kiti cha Spika. Sababu ilikuwa wazi kwa kila aliyeisoma Katiba ya zamani. Bunge lingeweza, kwa wingi wa wabunge wote, kupitisha azimio la kutokuwa na imani na serikali, na likipita Rais analazimika kujiuzulu au kulivunja Bunge. Azimio halijadiliwi ila limefika kwenye ratiba ya kikao, na mwenye kauli ya mwisho juu ya utaratibu ni Spika. Bajeti nayo hupitia hapo hapo. ODM ya Raila Odinga haikutambua ushindi wa Kibaki. Kambi ya Kibaki haikutaka kumwona mtu wa ODM akishika nyundo. Hakuna upande uliotaka kwenda mahakamani au barabarani tu. Pande zote mbili ziliutamani mlango huu wa tatu.

Chumba chetu cha habari kikajaa majina. Ukiyachambua, yalikuwa ya mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la walioangushwa. Uchaguzi ule ulifagia vigogo: Makamu wa Rais Moody Awori alikosa kiti, Profesa Wangari Maathai alikosa, na mawaziri wengi wakakosa pamoja nao. Kwa kuwa Spika si lazima awe mbunge, kila kigogo aliyeanguka alipata mtu wa kumnong'oneza. Fungu la pili ni la mawakili, kwa hoja kwamba Bunge lenye ugomvi linahitaji mtu wa kanuni. La tatu ni la wazee wa suluhu, watu ambao hawajawahi kusikika wakipaza sauti, na ambao wahariri huwapenda sana nyakati za vita na kuwasahau nyakati za amani. Kila jina lilikuja na "duru za kuaminika". Duru hizo nazijua. Nyingine zilikuwa wasaidizi wa wahusika wenyewe, wakipanda jina asubuhi waje kulivuna kwenye vichwa vya habari vya jioni.

Aliyenipa shoka la kuukata msitu huo alikuwa mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi kwenye idara ya Hansard tangu enzi za Kenyatta. Nilimwendea na orodha yangu. Hakuitazama.

"Binti yangu," akasema, "usiniulize nani. Niulize ngapi."

"Ngapi, mzee?"

"Viti 207 vimetangazwa. Nusu yake na kidogo ni 104. Haya, jumlisha."

Tukajumlisha nyuma ya bahasha. Viti vilikuwa 210 lakini matokeo ya maeneo matatu, Kamukunji, Kilgoris na Wajir Kaskazini, hayakutangazwa. ODM ilikuwa na 99. Narc ya Charity Ngilu, iliyokuwa imeungana nayo kabla ya uchaguzi, ilikuwa na 3. Hiyo ni 102. Upande wa pili PNU ya Kibaki yenyewe ilikuwa na 43 tu, lakini ilizungukwa na ndugu zake: Kanu ya Uhuru Kenyatta 14, Safina 5, Narc-Kenya 4, Ford-People, DP na wengineo. Januari 8 Kibaki alikuwa amemteua Kalonzo Musyoka kuwa Makamu wa Rais, na pamoja naye zikaja kura 16 za ODM-Kenya. Waliobaki ni vyama vya mbunge mmoja au wawili, vyenye majina ambayo hata sisi waandishi tulikuwa tunayaandika kwa kuuliza: Sisi kwa Sisi, Kadu-Asili ya kwetu Pwani, na wenzao.

"Hao," mzee akasema, akigonga bahasha kwa kidole, "ndio wanaomchagua Spika."

Kisha akanionyesha jambo la pili, ambalo sikuliona likiandikwa popote. Kanuni za Kudumu zilitaka theluthi mbili katika raundi mbili za kwanza. Kwa 207 hiyo ni 138, na hakukuwa na binadamu ambaye angezipata siku hiyo. Ni raundi ya tatu tu ambayo wingi wa kawaida unatosha. Basi raundi mbili za kwanza zingekuwa za kuchunguliana: kila kambi ingejua mapema ni wangapi wake wametoroka na wangapi wa jirani wameingia, na ingekuwa na nafasi ya kwenda kuwatafuta kabla ya ile inayohesabika. Tangu siku hiyo sijaandika habari ya uchaguzi wowote wa Bunge bila kwanza kuisoma kanuni inayouongoza.

Wagombea walipotajwa rasmi, majina yetu mengi yalipukutika. Serikali ilisimama na Kaparo, atafute muhula wa nne. ODM ikamleta Kenneth Marende, wakili, mbunge wa Emuhaya aliyekuwa ameanza muhula wake wa pili. Hakuwa akitajwa sana mitaani. Wengi waliona ajabu chama kimtoe mbunge wake wakati kinahesabu kura moja moja, kwa maana mbunge akiwa Spika kiti chake cha ubunge huwa wazi. ODM ilikubali kupungukiwa mmoja ili impate mmoja aliye juu ya wote. Ulikuwa ukokotozi mkali, na ulionyesha kwamba wao pia walikuwa na bahasha yao.

Siku yenyewe, kwa muda mrefu hakuna aliyejua hata kama ODM wangeingia, maana walikuwa wameshatangaza maandamano kuanzia kesho yake. Waliingia. Raila Odinga, mbunge wa Lang'ata, aliketi kwenye kiti cha kiongozi wa upinzani. Kibaki, mbunge wa Othaya, alipoingia upande wa serikali ulisimama na upande wa ODM ukabaki umeketi. Nilikuwa nimemwona Moi akiingia mle miaka mingi, wapinzani wake wakali wakisimama pamoja na wengine. Kuona nusu ya Bunge imekaa ilikuwa kama kuona nusu ya msikiti inasali na nusu inatazama. Aliyeongoza kikao, kwa kukosekana Spika, alikuwa Karani wa Bunge, Samuel Ndindiri, mtumishi wa umma ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma vichwa vya miswada, na sasa amesimama baina ya watu wanaoamini kuwa wenzao ni wezi.

Ugomvi haukuanza kwa majina ya wagombea. Ulianza kwa namna ya kupiga kura. Kanuni zilisema kura ni ya siri. ODM walitaka iwe ya wazi. James Orengo na William Ruto walisimama kwa zamu, na hoja yao ilikuwa rahisi kuieleza: nchi imetoka kupiga kura ya siri na tumeona kilichotokea, kwa hiyo tusijifiche tena. Martha Karua, Waziri wa Sheria, akashikilia kanuni zilivyoandikwa. Huo ulikuwa ubishi wa uzito, si wa kupoteza muda. Kura ya siri ilikuwa tumaini la serikali kwamba watu wa ODM wangetoroka gizani. Kura ya wazi ilikuwa kufuli ya ODM mlangoni. Kila upande ulitetea kanuni iliyowafaa, na Karani akasimama na iliyo kitabuni.

Basi ODM wakapata njia ya kati. Kura ilibaki ya siri kwa sheria, lakini mbunge aliyemaliza kuandika aliinyanyua karatasi wenzake waione kabla ya kuitumbukiza. Kutoka juu tuliziona karatasi zikipunga hewani. Siri ni haki ya mpiga kura, na mwenye haki anaweza kuiacha. Ila wote tulielewa kwamba ambaye hangenyanyua yake angeulizwa maswali nje.

Majina yaliitwa moja baada ya jingine, raundi ya kwanza, ya pili, kama bahasha ya mzee ilivyosema: Marende mbele, theluthi mbili hakuna. Baina ya raundi ungeona watu wakiinamiana vitini, na macho ya kila kigogo yakitafuta wale wa vyama vidogo. Wabunge ambao wiki mbili nyuma hawakuwa wakijulikana nje ya maeneo yao walikuwa wakishikwa mikono na mawaziri. Raundi ya tatu ikahesabiwa mezani, mbele ya Bunge zima. Marende 105, Kaparo 101.

Vifijo vya ODM vilisikika hadi nje. Hata hivyo, kilichonigusa ni kitu kingine. Kwa wiki mbili na nusu nchi nzima ilikuwa ikiuana kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeiona kwa macho yake. Hii ya jioni hiyo tuliiona. Sanduku moja, meza moja, karatasi zinazofunguliwa mbele ya walioziandika. Na walioshindwa walikuwa serikali, Rais mwenyewe yumo ukumbini, na walikubali. Hakuna aliyesema zihesabiwe upya. Baadaye Farah Maalim wa ODM akamshinda David Musila katika kiti cha Naibu Spika, na hilo nalo likapita.

Ushindi ule haukuzima moto. Kesho yake maandamano yakaanza na watu wakapigwa risasi. Kabla ya Januari kwisha wabunge wawili wa ODM, wa Embakasi na wa Ainamoi, walikuwa wameuawa. Msuluhishi Kofi Annan alifika Nairobi Januari 22, na mkataba baina ya Kibaki na Raila ukatiwa saini Februari 28. Lakini mkataba ule ulihitaji sheria, na sheria ilihitaji Bunge ambalo pande zote mbili zimekubali kuketi ndani yake. Bunge hilo lilikuwepo, na Spika wake hakuna aliyedai ameibiwa.

Tofauti ya kura nne ilimfanya Marende awe Spika wa namna aliyokuwa. Mnamo Aprili 2009 Kibaki alimtaka Kalonzo awe kiongozi wa shughuli za serikali Bungeni, Raila akajitaja mwenyewe, barua mbili mezani pa Spika mmoja. Marende hakumpa yeyote. Aliwarudishia wakubaliane, na kamati ya shughuli za Bunge, iliyokuwa ikigombewa pamoja na cheo hicho, akaiongoza yeye mwenyewe kwa muda. Magazeti yalimfananisha na Nabii Suleimani. Mwaka 2011 aliamua kwamba uteuzi wa Jaji Mkuu na wenzake uliofanywa na Kibaki haukufuata Katiba mpya, na ukaanza upya. Watu husema alikuwa na busara, nami sibishi. Naongeza tu kwamba Spika aliyeingia kwa 105 kwa 101 anajua kila asubuhi kuwa waliomkataa ni karibu sawa na waliomkubali, na ujuzi huo humfundisha mtu busara haraka. Kaparo naye hakupotea: baadaye aliongoza Tume ya Uwiano na Utangamano, chombo kilichoundwa kwa sheria iliyozaliwa na maafa ya miezi ile ile.

Baada ya hapo kukisia kulipoa. Mwaka 2013 kulikuwa na mabunge mawili na maspika wawili, Justin Muturi na Ekwee Ethuro, na muungano wenye wengi ulijua unamtaka nani. Marende alijaribu kurudi, akashindwa. Mwaka 2022 alijaribu tena kwa tiketi ya muungano wa Azimio. Safari hii jibu lilikuwa limeshaandikwa: mkataba wa muungano wa Kenya Kwanza uliahidi kiti cha Bunge la Taifa kwa chama cha Moses Wetang'ula na cha Seneti kwa kile cha Amason Kingi, kabla mwananchi hajapiga kura hata moja. Wetang'ula alipata 215, Marende 130, na raundi ya pili haikufanyika.

Wenzangu wengi huona huo ni ukomavu: vyama vinajua vinachotaka na hakuna fujo. Mimi sioni hivyo. Nimeona aina tatu za kukisia. Mwaka 1993 tulikisia moyo wa mtu mmoja, 2008 tukakisia mikono ya watu 207, na 2022 tukasoma mkataba. Katika ya kwanza na ya tatu Bunge lilikuwa mali ya mtu au ya kundi. Ya kati tu ndiyo iliyokuwa yake lenyewe, na ilitokea kwa bahati mbaya, kwa sababu nchi ilikuwa imepasuka katikati. Sitamani mpasuko ule urudi. Natamani tu wabunge wagundue kwamba uwezo waliokuwa nao jioni ile haukutoka kwenye vita. Ulitoka kwenye hesabu ambayo hakuna aliyeimiliki.

Kijana anayetaka kumjua Spika ajaye baada ya uchaguzi wa 2027 asianze kwenye korido za Bunge. Aanze kwa Msajili wa Vyama, aulize nani ameahidiwa nini na kwa mkataba upi. Kisha asubiri viti vitangazwe, achukue bahasha na ajumlishe. Tofauti ikiwa kura themanini, aandike habari yake fupi aende nyumbani. Ikiwa nne au tano, hapo ndipo aende koridoni, na aanze na wale wa chama cha mbunge mmoja.